Hewa Ndani ya Pipa

Wanangu, nimeombwa nije nizungumze nanyi kuhusu kazi yangu, nikaulizwa kwa heshima kama nina picha za kuonyesha. Sina. Nilifunga mapipa miaka yote ile na hakuna aliyeona sababu ya kumpiga picha mama aliyeinama, kichwa kimo ndani ya pipa. Mkitaka kujua nilifanana vipi, fikirieni miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa kwetu anaishi hapa Texas, Euless au Haltom City, anabeba masanduku karibu na uwanja wa ndege, au anaogesha wazee wa watu huko Mansfield. Nyumbani ana mama, ana wadogo, ana watoto wa marehemu. Ananunua vitu kidogo kidogo, anavileta kwetu ghalani, nami navifunga ndani ya pipa la plastiki la buluu linalofika kifuani. Mapipa yakitosha, lori linayapeleka bandarini Houston, meli inayafikisha Mombasa, malori mengine yanayapandisha Kampala, Kigali, na mwisho Bukavu, mji niliozaliwa. Njia nzima ilikula miezi. Kwa hiyo ukimtumia mtoto viatu, unanunua vya mguu atakaokuwa nao, siyo alio nao sasa. Hilo ni somo la kwanza na sitawalipisha.

Mwenye ghala alikuwa Mzee Gachanja, Mkenya, mtunza stoo wa zamani kutoka Nakuru, aliyekuja Texas kumfuata binti yake muuguzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalihusu hewa. Pipa hulipiwa kama pipa, liwe limejaa au liwe nusu, na yeye hakuvumilia mteja alipie kitu ambacho hakipo. Siku yangu ya kwanza nilikunja nguo vizuri, nikaweka sufuria juu, nikajiona fundi. Mzee akaja, akatia mkono ndani ya sufuria.

"Hii ni nini?"

"Sufuria, Mzee."

"Ndani ya sufuria."

"Hakuna kitu."

"Kuna hewa. Wewe mama, unatoa hewa Texas unaipeleka Congo. Kwani huko wameishiwa?"

Nikafungua upya. Ndani ya sufuria tukatia mchele, ndani ya viatu soksi, ndani ya soksi penseli, ndani ya kikombe kikombe kingine, na ndani ya hicho nyuzi na sindano. Tangu siku hiyo siwezi kuona chombo kitupu nikatulia. Mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea kutafuta soksi zake chumbani akazikuta ndani ya birika.

Makosa niliyafanya, tena mazuri. Mapipa tuliyanunua kiwandani yakiwa yamebeba matango ya siki, na harufu ile haitoki kwa kubembelezwa. Inataka maji ya moto, magadi, na jua la siku nzima kifuniko kikiwa wazi. Mimi nikaona jua la Texas ni kali, nusu siku inatosha. Gauni la arusi la binti mmoja likafika Bukavu linanuka siki, naye akaolewa nalo kwa sababu wageni walishaalikwa. Nasikia mchungaji alipiga chafya katikati ya nadhiri.

Na sabuni na unga havisafiri pamoja, hata uvifunge kwa nailoni mara ngapi. Hilo nilifundishwa na familia moja ya Goma iliyokunywa uji wenye sabuni ya kufulia mpaka mfuko ukaisha. Uji ulikuwa umetoka Amerika, na kila mmoja alidhani wenzake wanaupenda.

Mtaniuliza, mbona watu wazima wavushe bahari unga na mchele kwenda nchi yenye udongo kama ule? Ndiyo mambo ya maisha ghali, na ninyi mliokulia hapa maisha ghali mnayajua kwa namna nyingine. Mnaona nyumba ya Mansfield yenye gereji ya magari matatu mnasema ni ghali. Bukavu ghali iko chini, mahali mtu anainama kuiokota. Mji ule unaishi kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa kijiko. Sabuni inakatwa kwa uzi. Mshumaa unakatwa nusu. Chumvi ni kijilima juu ya karatasi, sukari imefungwa kwenye kipembe cha nailoni, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wanavipima kwa kikombe na kukiziba ndani kwa kiganja ili kisijae. Mwenye pesa ananunua gunia na analipa kidogo. Asiye na pesa ananunua kijiko, na mwezi ukiisha amelipa kumshinda yule wa gunia. Kodi, mwenye nyumba anataka ya miezi kadhaa mbele. Mwalimu wa shule ya serikali anategemea wazazi, na mzazi akichelewa, mtoto anarudishwa nyumbani asubuhi na mapema, daftari kwapani.

Halafu makala, ndivyo tunavyoita makaa. Makala yale ya kupikia yanaweza kukugharimu kuliko kile kilichomo chunguni. Mteja wetu mmoja wa Arlington alisikia habari hiyo kwenye simu ikamuuma sana, akaenda dukani akanunua mifuko ya makala ya kuchomea nyama, yale ya Texas yaliyokwisha kulowekwa mafuta ya kuwashia. Mzee akamkataza. Yeye akaenda akayaficha katikati ya mashuka, na mimi sikuona, kwa kuwa aliniletea mashuka yakiwa yameshafungwa kwa kamba. Yalifika. Dada zake wakayawasha. Maharage yakanuka petroli, mashuka yakanuka petroli, na jirani akahamisha watoto wake kwa siku kadhaa akidhani kuna mtu anapanga jambo. Yule bwana alikuja kwetu kuuliza kama tunalipa fidia. Mzee Gachanja alimpa kikombe cha chai.

Sasa niwaambie habari ya Deo, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusimama hapa.

Deo alikuwa mtoto wa Kadutu, mtaa wa soko kubwa kule Bukavu, na hapa alipanga masanduku katika ghala moja la Euless. Mtu wa hesabu. Angeweza kukuambia galoni ya maziwa ni nafuu zaidi duka gani na kwa nini usiende huko siku ya Ijumaa. Mdogo wake alikufa wakati wa vita akaacha mke, jina lake Nabintu, na watoto wanne. Deo akawabeba wote. Kila mwezi alituma cha kununulia chakula, na mara kwa mara pipa. Sikuwahi kumsikia akinung'unika, na nawaambia hilo mapema ili msimchukie nikifika mbele.

Kila Jumapili akitoka kanisani alinunua kadi ya simu, akampigia Nabintu, akamwuliza lilelile: kopo la unga ni bei gani? Sokoni kwetu hakuna kilo. Kuna kopo, lile la bati la maziwa ya watoto wachanga. Unga wa muhogo, maharage, mchele, vyote vinapimwa kwa kopo, vinasawazishwa kwa mkono, vinamwagwa kwenye mfuko wako. Nabintu anataja bei. Deo anaigeuza kuwa dola kichwani. Franka zilikuwa zikipanda na kushuka, lakini kwa dola kopo lilibaki vilevile kama siku aliyoondoka. Na bado unga uliokuwa ukifika mwisho wa mwezi, sasa ulikuwa unaishia katikati.

Jumamosi moja alikuja ghalani na mzigo wa pipa: mashuka, mchele, nguo za watoto, na viatu vya kike vyeusi, vya kisigino kifupi, vya kwenda navyo kanisani. Nilivipokea nikavitazama chini, nikaona namba ni ileile ya Nabintu. Lakini uso wake ulikuwa umefunga.

"Yaya," akaniambia. Kwetu yaya ni dada mkubwa. "Bei ni ileile. Watoto ni walewale. Ile unga inaenda wapi?"

"Watoto wanakua, Deo."

"Wamekua wote wanne mara moja?"

"Umemwuliza mama yao?"

"Nimemwuliza. Ananyamaza tu. Anasema asante, shemeji."

Na kweli, angesema nini kingine? Kwetu mke wa mdogo wako hazungumzi nawe habari ya chakula. Akisema hakitoshi ni kama amesema wewe hutoshi. Anashukuru, anakaza kitenge kiunoni, basi. Mimi nililijua hilo na Deo alilijua, lakini alikuwa amefika mahali ambapo mtu akinyamaza anaonekana mwizi.

"Ana mwanaume," Deo akasema. "Iko mtu anakula jasho langu pale. Hii pipa haiendi kwake. Iandikie jina la kaka yetu wa kule kijijini Walungu. Nimeshaongea naye. Ikifika, atashuka mjini kuchukua watoto."

Akavitoa vile viatu vyeusi kwenye mzigo, akavirudisha garini.

Mnaelewa alichokuwa anasema? Mahari ilishatoka, watoto ni wa ukoo wa baba, na Nabintu asingekuwa na pa kushtaki. Pipa lingeenda Walungu, watoto wangefuata pipa, naye angerudi kwao na sufuria zake kichwani. Yule mwanamke sikuwahi kumwona kwa macho. Lakini nilikuwa nimemfungia nguo miaka kadhaa, nilijua alivyonenepa na alivyokonda, na namba ya kiatu chake. Mtu ambaye unajua namba ya kiatu chake si mgeni kwako.

Sasa sikilizeni, maana hapa kuna ufundi. Jina huandikwa mwisho. Unajaza, unashindilia kwa magoti, unaweka kifuniko, unapiga pete ya chuma kwa nyundo, ndipo unachukua rangi na kuandika jina la mpokeaji pande mbili na juu. Watu hubadili mawazo, na rangi ile haifutiki. Kwa hiyo pipa la Deo lilikuwa bado halina mwenyewe. Nikatia mkono pembeni, karibu na kifuniko, nikautikisa, nikamtazama.

"Lina hewa," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa. Lete vitu, Deo."

Alikuwa tayari kumnyang'anya mama watoto wake, lakini kulipia hewa hakuweza. Aliitazama saa, akalitazama pipa, akasema atakuja Jumamosi ijayo. Lori la wiki ile likaenda Houston bila yeye.

Nilikuwa nimepata wiki moja na sikujua niifanyie nini. Nikamweleza Mzee Gachanja tukinywa chai. Akasikiliza mpaka mwisho akitafuna mkate, halafu akauliza: "Hilo kopo umeliona?"

"Mzee, nimelelewa nalo."

"Sijauliza kama umelelewa nalo."

Mjue kwamba pale ghalani kuona kwa macho ilikuwa sheria. Mteja anapiga simu, anasema nina kakitu kadogo tu, mtanitafutia kanafasi. Halafu anashuka na kochi. Mzee alikuwa amesikia vitu vidogo vingi maishani mwake, na sasa hakupanga nafasi ya kitu chochote mpaka kiwe mbele yake. Nami nilikuwa nimetoka Bukavu miaka mingi kabla ya Deo. Kama kopo la kichwani mwake lilikuwa la zamani, langu lilikuwa la zamani zaidi.

Nikampigia mdogo wangu Faida, anayekaa kulekule Kadutu. Nikamwuliza kama kopo la sokoni ni lilelile.

"Kopo ni kopo, yaya. Lingine lipi?"

"Basi nitumie moja. Lile lenyewe wanalopimia unga."

"Yaya, Amerika makopo yamekwisha?"

Alikwenda hata hivyo, ingawa alikuwa na hakika kwamba baridi ya huku imenipanda kichwani. Muuzaji wake wa unga akakataa kabisa kuuza kopo lake, akasema ni kama kumwomba fundi cherehani amuuzie sindano iliyo kwenye mashine. Akamwelekeza kwa fundi wa bati nyuma ya soko, anayeyatengeneza. Kumbe kuna fundi. Faida akanunua moja, akalifunga kwenye kitenge, akampa mke wa mchungaji wetu aliyekuwa ameenda kumzika baba yake na alikuwa anarudi Texas.

Mama mchungaji alisimamishwa uwanja wa ndege. Afisa alifungua kitenge, akaligeuza kopo, akaligonga chini, akatazama ndani, akatazama nje, akalipitisha kwenye mashine yao ile ya kuona ndani ya vitu. Alisema halimkai sawa, ndani ni fupi kuliko nje. Hakukuta kitu akalirudisha. Alikuwa mtu wa kwanza Amerika nzima kulishuku kopo lile, na hakukosea.

Wakati huo Deo alikuwa anakuja kila Jumamosi. Alileta taulo nikazipokea, nikazitia kati ya sahani. Alileta madaftari na kalamu. Alileta sweta ya kile kisichana kidogo cha Nabintu, kwa sababu Walungu kuna baridi ya mlimani, na aliposema hivyo hakunitazama. Kila alicholeta kiliingia, na kila mara nilitia mkono palepale pembeni nikamwambia bado lina hewa. Jumamosi moja akachoka.

"Yaya, hii pipa imejaa. Hata mtoto anaona."

Akamwita Mzee aamue. Nikaogopa kweli, maana Mzee Gachanja alikuwa mlokole asiyesema uongo hata kwa watu wa kodi. Mzee akaja polepole, akapandisha mkono wa shati, akatia mkono pembeni, akaukalisha humo muda.

"Mama anasema kweli," akasema. "Kuna hewa."

Akaondoka kwenda kwenye chai yake. Deo akabeba funguo za gari.

Kopo lilifika wiki iliyofuata. Deo alipoingia nilikuwa nimeliweka mezani. Alilitambua toka mlangoni. Akalichukua kwa mikono miwili, akalinusa, akacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu mambo haya yaanze.

"Kopo ya Kadutu," akasema. "Imekuja na nani?"

Pale mezani tulikuwa na kopo letu la maziwa ya watoto, la kuwekea kalamu za rangi. Nikazitoa kalamu, nikayasimamisha makopo mawili bega kwa bega. Kimo kimoja, upana mmoja. Nikajaza lile la Kadutu mchele, nikausawazisha kwa mkono kama wanavyofanya mama wa sokoni, nikaumimina kwenye lile letu. Ukaishia katikati na kidogo.

"Umemwaga," akasema Deo.

"Sijamwaga."

Akapima mwenyewe. Akapima tena, akiwa ameinama mpaka jicho liko sawa na mdomo wa kopo. Mchele ukaishia palepale. Hapo Mzee Gachanja akasogea, akalichukua kopo la Kadutu, akalipindua. Kitako kilikuwa kimegongwa kuingia ndani, juu kabisa, kwa ufundi, bila mkunjo. Mzee akatia ngumi yake yote pale chini, ikaenea.

"Hewa yenyewe hii hapa," akasema.

Msiwatukane wale mama wa sokoni. Muuzaji naye ana watoto, na gunia analonunua yeye limepanda. Akipandisha bei, wateja wanahamia kwa jirani yake. Basi hapandishi bei, anapandisha kitako. Jirani naye anapandisha, na soko zima linaendelea kuitana kopo, kopo, na hakuna anayesema neno kwa sababu kila mtu anajua. Na hapa kwetu kanunueni mfuko wa viazi vya kukaanga, mwutikise, mnisimulie. Ila hapa uzito umeandikwa pembeni, na galoni ni galoni mwaka huu na mwaka ujao. Deo alikuwa amekaa kwenye galoni mpaka akasahau kwamba kipimo chenyewe kinaweza kukusogea.

Alikaa juu ya pipa la mtu mwingine. Midomo yake ilikuwa inacheza, anapiga hesabu.

"Hii si kopo," akasema.

"Ndilo kopo, Deo. Kule hakuna lingine."

"Walikuwa wanakula nusu."

Akatoa kadi ya simu mfukoni, akauliza kama anaweza kutumia simu ya ofisi, ile yenye kipaza sauti, kwa kuwa alitaka nasi tusikie. Kule ilikuwa jioni. Nabintu akapokea, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyokuwa nimemfikiria.

"Shemeji, leo si Jumapili. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeona kopo."

"Kopo gani?"

"Ya Kadutu. Iko hapa mezani. Nimetia mkono chini yake."

Kimya. Kadi za siku zile zilikula dakika hata ukinyamaza, na Deo huyo wa hesabu aliiacha ile iliwe.

"Mimi nilifikiri unajua, shemeji," Nabintu akasema. "Kila Jumapili unauliza bei ya kopo. Nikasema huyu ni mtoto wa Kadutu, kopo anaijua. Nikafikiri unajua, na umeona inatutosha."

Mzee Gachanja akatoka nje kukagua lori ambalo halikuwepo. Deo alilia. Aliinama juu ya ile simu akalia mbele yangu, akasema "hapana, Nabintu, hapana," na kule mwisho wa waya yule mama naye akalia, na mimi niliyekuwa nimesimama na kopo mkononi nikakosa pa kuliweka.

Alipokata simu alipangusa uso kwa moja ya taulo zake.

"Yaya, andika."

"Niandike nani?"

"Jina unalijua."

Nilikuwa nainua kifuniko akanishika mkono. Akatoka kwenda garini, akarudi na vile viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Akatazama pipa lililoshindiliwa mpaka juu, akatazama viatu, kwa aibu kidogo. Nikamwonyesha pembeni, karibu na mdomo wa pipa, pale nilipokuwa nikitia mkono kila Jumamosi. Akaviingiza, kimoja kwanza, halafu cha pili. Vilienea, havikucheza hata kidogo.

Akatia kidole kuzunguka, akitafuta.

"Hewa imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hii nafasi ilikuwa hapa tangu lini?"

"Tangu ulipovirudisha garini," nikamwambia, na nikachukua nyundo nikapiga pete.